Kigingi Kati ya Tangi la Maji na Jiko la Mke Wangu

Kambi ya wachimbaji, nyuma ya ghala la mabomba
Tarehe 9 Juni
Miaka miwili na miezi mitano tangu nitoke nyumbani kwa kazi ya miezi mitatu

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Mipango,
Vituo vya Kuchaji Haraka Magari ya Umeme

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MAHALI PANAPOFAA KUWEKA VITUO, NA MALALAMIKO MENGINE YATOKANAYO NA SHIMO

Naomba barua hii ikukute mzima, umekaa, na kiti chako kiko pale pale ulipokiacha jana. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini nimo shimoni.

Hunijui, ila tumeonana. Siku ile ulipokuja kukagua kazi umevaa viatu vyeupe ukasema, "Hawa wanafanya kazi nzuri," mmoja wa hao hawa alikuwa mimi. Nilikuwa wa pili kutoka kushoto, mwenye sururu. Shule niliachia darasa la sita kwa sababu shule ilikuwa mbali na ng'ombe walikuwa karibu. Kwa hiyo nikikosea pa kuweka nukta utanivumilia, kama mimi nilivyovumilia mengi ya kwenu ambayo si nukta.

Ninaandika kwa sababu likizo yangu imefungwa kwenye kituo hiki tunachokichimba. Msimamizi wetu, ambaye kambini tunamwita Bwana Kikiisha, kila nikimwomba ruhusa ya kwenda nyumbani hunijibu neno moja: kituo kikiisha. Nami huko nyumbani nina binti wa mwisho aliyezaliwa nikiwa huku. Ametambaa, ametembea, sasa anafukuza kuku wa majirani, na mimi ananijua kwa sauti inayotoka kwenye simu ya mama yake. Hiyo simu ndiyo anayoiita baba. Mama watoto akiichomeka ukutani ipate chaji, mtoto huwageukia dada zake akawaambia wasipige kelele, baba anakula.

Basi utaona kwamba suala la mahali pa kuweka chaja, ambalo kwako ni la ramani, kwangu mimi ni la familia. Kituo kikipata mahali kitaisha. Kikiisha nitakwenda nyumbani. Kisipopata mahali, binti yangu atakua, atachumbiwa, na wachumba watakuja kuipigia magoti simu.

Malalamiko yangu ni haya. Nimeyapa namba ili yasikanyagane.

1. Kuhusu kigingi kisichotulia.

Huenda huko ofisini hamjui desturi ya kazi yetu. Mchimbaji haulizi. Mpimaji anakuja na ramani, anapiga kigingi chenye kichwa chekundu, anaondoka. Sisi tukifika tunachimba penye kigingi. Ukianza kuuliza kwa nini hapa na si pale, utaulizwa wewe umekuja kufikiri au umekuja kuchimba. Penye kigingi ndipo. Tulifundishwa hivyo siku ya kwanza, na ndilo somo pekee ambalo sote tulifaulu.

Kigingi cha kwanza kilipigwa pembeni ya kituo cha zamani cha mafuta, barabara kuu. Udongo wa pale umesindiliwa na malori tangu malori yalipokuwa machanga. Tulichimba msingi wa transfoma mpaka ukatufika kiunoni, tukaanza kuheshimiana na yale mawe, ndipo ikaja karatasi kutoka kwako: mwenye mafuta amekataa, fukieni. Sikumlaumu. Kumwekea muuza mafuta chaja ya umeme mlangoni ni sawa na kumletea mtu mke mwenza na kumkalisha kwenye kiti chake. Tukafukia. Kufukia nako ni kazi, Ndugu Mkurugenzi, ila hakuna kiongozi anayekuja kupigwa picha watu wakifukia.

Kigingi cha pili kilikuwa kwenye maegesho, nyuma ya duka kubwa. Hapo palikuwa mahali. Kivuli kipo, choo kipo, hata fundi umeme wetu, mtu asiyewahi kusifu kitu tangu nimfahamu, alisema kebo itafika bila kuvutana nayo. Tulilala na furaha. Jumatatu tulipokwenda kuanza, kigingi hakipo. Tukakitafuta huku na huku, tukakiona ng'ambo ya barabara, kimesimama wima kando ya ukuta wa makaburi. Tukatazamana. Lakini penye kigingi ndipo. Tukavuka barabara, tukachimba.

Sasa fikiria. Shimo la msingi wa transfoma, ukilitazama kwa urefu na upana, ni shimo la mtu mnene. Jua halijapanda sawasawa wapita njia walikuwa wameanza kuvua kofia. Mama mmoja aliyetoka sokoni aliweka kapu chini, akakaa ukingoni, akalia kwanza ndipo akauliza ni nani. Mzee mwenye baiskeli alishuka, akatulaumu kwamba tumemchimbia mtu nje ya ukuta, akataka kujua marehemu alikuwa na kosa gani hata atengwe na wenzake. Mwenzangu wa sururu, ambaye mdomo wake ulitoka kiwandani bila breki, akamjibu, "Bado hajafa, mzee. Ni msimamizi wetu, tunajiandaa tu." Bwana Kikiisha alikuwa nyuma yake ameshika mwavuli. Siku hiyo chai yetu ilipotelea njiani na haikuonekana tena.

Baadaye ikajulikana kwamba aliyehamisha kigingi ni mwenye duka. Hakutaka magari yalale kwenye maegesho yake yakinywa umeme, na wenye magari wamekaa ndani yake bila kununua hata kiberiti. Jumapili, sisi tukiwa tumepumzika, alikuja na nyundo yake, akaking'oa, akakipiga kule ambako alidhani hakuna atakayelalamika.

Hapa naomba niseme wazi, na uyaweke maneno yangu kwenye jalada: mtu anayeng'oa kigingi cha kazi hana malezi. Amekulia kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumkanya. Kama ni mume, namhurumia mkewe. Kama ni mke, namhurumia mumewe, maana huyo mume hana mtu ndani.

Kigingi cha sasa umekirudisha kwenye kituo cha mafuta, baada ya mwenye mafuta kukubali kuwa mbia. Ni pale pale pa kwanza. Tunachimba udongo ule ule tulioufukia kwa mikono yetu. Juzi nimeokota humo kofia yangu iliyonipotea mwaka juzi, nikaipangusa, nikaivaa. Mpimaji alipokuja alifurahi sana, akasema udongo wa hapa ni laini kuliko vitabu vinavyosema. Sote tulitazama chini.

2. Kuhusu wateja wanaosubiri.

Kando ya shimo letu mmefunga chaja moja ya muda, ili watu waizoee. Wanaizoea, na sisi wanatuzoea vilevile.

Mmeiita ya haraka na mimi sibishi. Ila haraka ya gari haimsaidii mwenye gari. Gari likishachomekwa, mwenyewe anabaki na mikono. Hana usukani wa kushika. Kukaa ndani anaona joto, kwenda mbali anaogopa mtu asije akamchomoa. Anatazama kushoto, anaona pampu za mafuta zenye kutu. Anatazama kulia, anaona shimo lenye watu ndani. Mtu yeyote mwenye akili timamu ataenda kutazama shimo.

Wanakuja kusimama ukingoni, mikono nyuma. Mwanzo wananyamaza kwa adabu. Kisha mmoja anakohoa, nasi tunajua darasa limeanza. Nimeambiwa nikunje magoti. Nimeambiwa nisikunje magoti. Yupo daktari wa meno, mteja wetu wa kila Ijumaa, aliyenieleza kwamba shimo linaanzia pembeni kuja katikati. Mwalimu mstaafu alipokuja yeye akasema ni katikati kwenda pembeni, akaniuliza kwa uchungu ni nani aliyenipotosha. Mwanamke mwenye gari jeupe alituuliza tunatafuta nini humu chini, na mwenzangu wa sururu akamwambia, "Dada, tunatafuta mwisho wa kazi. Ukiuona huko juu tuitie."

Gari likijaa linalia, nao wanaondoka palepale, neno likiwa nusu. Ushauri unabaki ukingoni haujaisha, anakuja mwingine anauendeleza. Siku nyingine tuna wasimamizi wengi kuliko sururu. Bwana Kikiisha siku hizi hata hatusimamii. Amevuta kiti kivulini, anasema watu wapo.

3. Kuhusu mahali ambapo watu tayari wamekaa.

Sitaki kulalamika tu kama mlango usiotiwa mafuta. Natoa na ushauri.

Nyinyi mnatafuta mahali ambapo watu wanapita. Hapo ndipo mnapokosea. Mtu anayepita anataka kupita. Chaja iwekwe mahali ambapo mtu amekwisha kukata tamaa ya kuondoka. Iwekwe nje ya ofisi ya vibali. Mtu akiingia humo kutafuta muhuri, gari lake litajaa, litakaa, litasahau lilikuja kufanya nini, na mwenyewe bado yuko dirishani anaambiwa mwenye muhuri ametoka kidogo. Iwekwe kwa kinyozi siku ya Jumamosi, pale ambapo kila aliye mbele yako amekuja na watoto wake wote na kila mtoto ana kichwa.

Lakini mahali bora kuliko pote, Ndugu Mkurugenzi, ni kwa wakwe.

Wewe ni mwanamume mwenzangu, nadhani umeoa. Unajua mtu anavyokaa akienda kuwasalimia wakwe. Kiti ni kigumu, glasi imeshikwa kwa mikono miwili, picha zote ukutani zimekwisha kutazamwa, na hakuna njia ya kuondoka isiyofanana na utovu wa adabu. Leo mkwe anasingizia mvua na nje jua linawaka. Kukiwa na chaja, gari litalia, naye atainuka kwa huzuni na kusema, "Mama, mimi ningependa kukaa, ila ndiyo hivyo, limejaa." Hakuna mama mkwe anayeweza kubishana na mashine. Na usidhani ni faida ya upande mmoja. Wakwe nao huchoka na wageni, nao hawana pa kusemea. Naamini wako watakaotoka nje polepole, wakachomoa, wakarudi ndani wakisema, "Baba, tumesikia kama limelia."

4. Kuhusu mlima.

Niliyapeleka mawazo haya kambini wakati wa chakula, yakazua mgawanyiko. Upande mmoja ulisema vituo vyote viwekwe juu ya milima, kwa sababu gari likijazwa juu litateremka bure na kufika chini chaji yake haijaguswa. Upande wa pili ukasema viwekwe chini, kwa sababu gari lililoishiwa haliwezi kupanda, ila kuteremka linaweza, na mwenye njaa hapelekwi jikoni kwa ngazi. Wa juu wakasema wa chini ni wavivu. Wa chini wakasema wa juu wamezoea kusukuma. Fundi umeme alisema sote hatujui kitu, lakini yeye husema hivyo hata akiulizwa saa.

Mpishi wetu, mama mmoja ambaye akiongea sufuria zinatulia, aliuliza jambo moja tu: nani atachimba huko mlimani. Hakuna mkono ulioinuka. Akasema, "Basi wanangu, kiwekwe penye udongo laini." Hoja ikapita bila kupingwa.

Ndipo mimi nikakaa na sahani yangu nikakumbuka mahali ninapopajua penye udongo laini.

5. Kuhusu mahali penyewe.

Ni kwetu.

Usiifunge barua. Nimelifikiria jambo hili kwa miezi, sikurupuki. Kati ya tangi la maji na jiko la mke wangu pana nafasi ya gari moja kubwa, au madogo mawili yanayoheshimiana. Barabara ipo. Lori la mchanga hupita kila wiki, kwa hiyo gari la umeme litapita likijikaza. Nguzo ya umeme ipo, tena imeinamia kwetu muda mrefu kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Udongo naufahamu, kwa sababu nilichimba choo hatua chache kutoka hapo na sururu ilikuwa ikiingia kama kisu kwenye papai. Mpimaji nimekwisha kumwonyesha kila kitu. Nilimchorea mchangani kwa kijiti, tangi hapa, jiko hapa, barabara hapa. Alicheka, lakini alipiga picha.

Utasema huko kwetu hakuna magari ya umeme. Ni kweli, hakuna hata moja. Lakini hayajaja kwa sababu hayana pa kula. Tena tazama faida yake. Foleni haitakuwepo. Kituo hakitachakaa kwa kutumiwa. Wateja wa kusimama juu ya shimo na kumfundisha mtu kazi yake hawatapatikana. Kwa hesabu zangu kitakuwa kituo chenu kisicho na lalamiko hata moja, nanyi mtakitolea mfano kwenye mikutano.

Na siku akitokea mteja, atapokewa. Mama mkwe wangu anaishi nasi, na kiti chake kiko mlangoni kutazama barabara. Hapitwi. Atamuuliza mteja baba yake ni nani, ameoa lini, kama hajaoa anangoja nini, na kwa nini gari lake linatembea kimya kama mtu mwenye siri. Mpaka mteja amalize kujibu, gari limejaa na yeye amepata adabu. Nimewahi kujibu maswali hayo mwenyewe, najua muda wake.

Chaja yenyewe italindwa na binti yangu mdogo. Msimamo wake juu ya kazi hii unaujua: kilichochomekwa kinakula, na anayekula hasumbuliwi. Sidhani una mhandisi mwenye imani thabiti kiasi hicho.

Kuchimba nitachimba mimi. Sitahitaji kambi wala hema. Nitaanzia pembeni, upande wa mlangoni; daktari wa meno atafurahi akisikia. Jioni ikifika nitaweka koleo chini, nitanawa mikono kwenye tangi, nitaingia ndani. Ni hatua chache tu. Nitaingia kama mtu anavyoingia kwake, bila kubonyeza namba yoyote.

6. Kuhusu wachimbaji wote.

Nikijiombea peke yangu nitaonekana mbinafsi. Kwa hiyo naomba jambo hili liwe sera. Kila kituo kijengwe mlangoni kwa mchimbaji wake. Kila mmoja wetu hapa kambini ana mlango mahali fulani. Mwenzangu wa sururu kwao ni kisiwani na barabara hakuna, lakini hilo ni la wahandisi, mimi siingilii mambo ya watu.

Faida ni nyingi, nitaje iliyo kubwa. Kigingi hakitahama tena. Nani atakihamisha? Mlinzi wake atakuwa mke wa mchimbaji. Mwanamke anayejua kwamba kijiti kile chenye kichwa chekundu ndicho kilichomrudisha mumewe nyumbani atakilinda kuliko anavyolinda sufuria zake. Watoto hawatakigusa. Kuku hawatakiparua. Akina mama wengine naweza kuwa na shaka nao, lakini mama watoto wangu namjua. Ni mtu mtaratibu, hapandishi sauti, haharibu cha mtu. Mkabidhi kigingi chako leo, mwakani utakikuta pale pale, kimepanguswa vumbi. Naweka heshima yangu rehani.

7. Jambo dogo la mwisho.

Kama haya yote yatashindikana, naomba ofisi yako itoe tafsiri rasmi ya neno "kikiisha". Tumegawanyika. Wengine tunadhani ni wakati. Wengine wameanza kuamini ni jina la mahali, na kwamba huko nako kumepigwa kigingi na kitahamishwa.

Mwisho nisalimie wote walioko ofisini. Nisalimie katibu wako, aliyenirudishia barua yangu ya kwanza kwa sababu niliandika mpaka pembeni mwa karatasi; mwambie hii nimeiachia nafasi ya kutosha kuegesha gari. Nisalimie mpimaji, na ramani yake. Nisalimie dereva wako, ambaye siku ya ukaguzi alikaa nasi kivulini akatuambia gari lako wewe mwenyewe ni la dizeli. Mwambie siri yake iko salama. Mwenye duka kubwa naye msalimie, ingawa nimeshasema maoni yangu juu ya malezi yake na siyarudii.

Ni mimi niliyesimama penye kigingi chako,

Mchimbaji, wa pili kutoka kushoto

Tanbihi. Ndugu Mkurugenzi, nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha ndipo mama watoto akapiga simu. Imebidi niifungue tena kwa mvuke wa birika la mpishi, ndiyo maana karatasi imejikunja na inanuka vitunguu.

Kumbe mpimaji wako hakuwa anacheka bure. Alhamisi iliyopita alifika kwetu na ile picha aliyoipiga mchangani. Akatazama tangi, akatazama jiko, akatazama nguzo iliyoinama, akapiga kigingi pale pale nilipochora. Mama watoto alimwacha amalize. Alimpa maji ya kunywa, akamshukuru kwa kazi, akamsindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote. Aliporudi aliking'oa. Sasa hivi kipo nyuma ya nyumba, kimefungiwa mbuzi. Kukipiga upya huko nyuma, mama mkwe ndiye aliyekuwa msimamizi. Alishika kamba ya mbuzi na kutoa maelekezo.

Nilimuuliza kwa nini amefanya hivyo. Nikamweleza sera yote, kuanzia namba ya kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, na kwa wanaomjua hiyo si dalili njema. Kisha akasema hivi, nami nayaandika maneno yake kama yalivyo kwa sababu hayajaniondoka masikioni:

"Baba watoto, shimo moja limekuchukua miaka miwili. Sasa unataka kuniletea jingine hapa jikoni. Msimamizi wako aje, kigingi kihame, ufukie, uchimbe, na mimi nikichuja chai niruke shimo. Gari la mtu, wewe mwenyewe umeniambia, linajaa kabla chai haijapoa. Wewe umechomekwa huko tangu mtoto hajazaliwa. Hujajaa tu?"

Hapo nilimsikia binti yangu akimkanya mama yake. Simu ilikuwa ukutani, kumbe, inachajiwa huku tunaongea. Alimwambia mama asimgombeze baba, bado anakula.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba ufute namba 5 na namba 6. Namba 3 na 4 fanya upendavyo. Kituo kiweke juu ya mlima, chini ya mlima, au kwa wakwe zako. Katika namba 1, yale niliyosema kuhusu mtu anayeng'oa kigingi, malezi yake, na hali ya mwenzake wa ndoa, nayaondoa yote, neno kwa neno. Huyo mtu amelelewa vizuri sana, na mwenzake ana bahati. Ukionana na mwenye duka kubwa mwombe radhi kwa niaba yangu.

Shimo nimeliacha limefika kiunoni. Kigingi kipo, koleo nimelisimamisha kando yake, na daktari wa meno anakuja Ijumaa, kazi anaijua. Bwana Kikiisha nimekwisha kumuaga. Alisema kituo kikiisha, nikamwambia mimi nimetangulia kuisha. Alinitazama, akasogeza kiti kivulini, akaniuliza kama basi bado linapita barabara kuu au na lenyewe limehamishwa. Mwenzangu wa sururu ameniomba ile kofia, nimemwachia. Akiipoteza ataipata mkifukia tena.

Kurudi kazini sijakupangia tarehe. Kigingi kikikaa mahali pamoja mpaka kiote majani, nitumieni salamu.

Nyumbani natarajia kuingia Jumamosi jioni. Mama watoto amesema ataichomoa simu ukutani mapema kabla sijafika, maana mtoto akikuta baba mmoja anakula ndani na mwingine anabisha hodi nje, hatanifungulia.